Sauti ya Shemeji Hewani

Mwaka uliofuata mvua za El Nino, Ziwa Eyasi lilijaa hadi kwenye migunga, na kampuni moja ya utalii ikaleta kayaki, mitumbwi myembamba ya plastiki ya mtu mmoja mmoja. Tadei wa Maretadu ndiye aliyewaongoza wageni majini. Shemeji yake Agustino, mume wa dada yake Philomena, alibaki kituoni Daudi, juu milimani, kusikiliza redio ya upepo, ile ya kuitana na walio mbali. Kazi hiyo Tadei ndiye aliyemwombea kwa tajiri, mwenye kampuni. "Huyu ni ndugu," alisema. "Nikiwa majini, roho yangu iko mikononi mwake."

Asubuhi moja upepo ulivuma ghafla. Wimbi likampindua mgeni, mama wa makamo, likambamiza kwenye mwamba, mkono ukavunjika. Tadei akamvuta hadi kwenye kisiwa kidogo. Akatoa redio kwenye mfuko usiopitisha maji, akarusha waya wa antena juu ya mgunga, akaita.

"Daudi, Daudi, hapa Eyasi. Nina majeruhi. Ova."

Kimya. Akaita mpaka koo likakauka. Labda hali ya hewa, alijipa moyo, ingawa jana tu walisalimiana vizuri. Akaizima kutunza betri, akamfunga mgeni mkono kwa kijiti na kitambaa.

Alipoiwasha tena mchana, kabla hajabonyeza kitufe cha kusemea, alisikia sauti ya mtawa, Sista Konsolata wa misheni moja ya mbali, upande wa Singida.

"Daudi, huyo wa Eyasi mwenye majeruhi, mmempata?"

"Usihangaike, Sista," alijibu Agustino, sauti safi kabisa. "Anafanya mazoezi tu."

Wiki ile tajiri alikuwa amesema atamchagua mmoja kati yao awe msimamizi wa safari zote. Tadei akabonyeza.

"Shemeji, ni mimi. Si mazoezi. Mama wa watu amevunjika mkono. Ulikuwa unanisikia muda wote?"

Aliyejibu ni Sista.

"Nimekusikia, mwanangu. Niambie mlipo."

Sista alituma ujumbe kwa misheni iliyokuwa karibu na ziwa, na kabla jua halijazama wavuvi waliwafikia kwa mtumbwi. Mgeni akapelekwa hospitali.

Kesho yake tajiri aliwaita wote wawili. Agustino alimtazama Tadei usoni bila kupepesa.

"Mashine ya redio ilikuwa mbovu. Si ndiyo, shemeji?"

Tadei aliwafikiria watoto wa dada yake. Angeweza kuitikia tu, yakaisha.

"Mashine ilikuwa nzima," alisema. "Alinisikia."

Agustino alifukuzwa palepale.

Jioni Tadei alipiga hodi kwa dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki.

"Shikamoo, dada."

Philomena hakuitikia. "Ungesema mashine iliharibika. Ulishapona, ulikuwa unataka nini tena?"

"Dada, aliniacha nife."

"Mbona hukufa."

Akafunga mlango. Ndani, Agustino alikohoa. Tadei akashika njia ya Maretadu.