Ile ya Panya

...ile ya Panya, amesema ile ya Panya, sikukosea kusikia, Veta, mjane, amesimama mlangoni, kitambaa cheusi kimemlegea kichwani, sinia la ngano tamu ya kumwombea marehemu mkononi, kasema kama mtu anayeagiza chumvi, "Mkimtoa mchezeeni ile ya Panya, ndiyo aliyokuwa akiipenda," na Onoriu mwenye akodiani tumboni akageuka, "Panya? Panya gani tena, dada Veta?" na wale wapiga fidla wawili kutoka kijiji cha pili wakatazamana, hawaijui, hawawezi kuijua, chini ya jua hili walioijua kwa jina hilo ni watu wawili tu, na mmoja amelala ndani ya jeneza, kofia kifuani, ndugu yangu Anghel, basi wa pili ni mimi, miaka yote nilijua ni mimi peke yangu, kumbe tulikuwa watatu, Mungu wangu, tangu lini Veta... "Shemeji Sile, wewe si unaijua?" ananiuliza, nami nimeiinamia nai yangu, filimbi ya mianzi iliyopangwa safu, nafinya nta ndani ya mwanzi wa saba kana kwamba sikusikia, joto la Julai limelegeza nta ya mianzi yote ishirini na miwili, naweza kusingizia hilo, nasahihisha sauti, nipeni dakika, mtu yeyote anayepuliza nai angenielewa, ila Anghel, Anghel asingedanganyika, na kwetu wanasema maiti husikia mpaka udongo wa kwanza umwangukie, kwa hiyo anasikia, anasikia jinsi nilivyonyamaza.

Panya alikuwa panya wa kweli, hakuwa fumbo, nai ya baba ilitundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, usiku mmoja panya akapanda akaila nta ya mwanzi wa saba, nta ya nyuki inanukia asali, nani angemlaumu, asubuhi Anghel akapuliza akakuta noti imelala, imeshuka, si yenyewe wala si jirani yake, nikamwambia weka nta, akasema ngoja kwanza, akaisukuma kwa pumzi kutoka kule chini, ikapanda polepole, ikasita, ikafika, na mama aliyekuwa uani akimenya viazi akaacha kumenya, akauliza, "Nani kafa?" hivyo tu, nani kafa, Anghel akacheka mpaka akapaliwa, mwezi mzima hakugusa nta, akautungia ule mwanzi mbovu wimbo mzima, akauita ya Panya kwa mzaha, na mimi nikauiba, ndiyo, lakini kwetu kuiba ni ruhusa, sisi tunaoishi kwa kupiga muziki hatufundishani, baba akicheza alikuwa anatupa mgongo makusudi ili tuibe kwa sikio, asiyeiba alipelekwa kuchunga bata, kuiba si kosa, kosa ni jina, ukicheza wimbo wa mtu unamtaja kwanza, hii ya Stancu kinyozi, hii ya marehemu Lisandru, hata mlevi harusini analijua hilo, hata mlevi... mtu anaingia, ni jirani wa ng'ambo ya barabara, anavua kofia, anabusu msalaba, "Mungu amsamehe," na chumba kizima kinajibu, "Amsamehe," nami nimejibu, midomo imejibu yenyewe, tangu asubuhi wameingia watu sijui wangapi na wote wanasema hilohilo, ndivyo marehemu yeyote anavyosemewa, lakini Anghel asamehewe nini, nambieni, alimkosea nani, aliwapigia watu muziki harusini na mazishini, alifuga bata, alikohoa, asamehewe nini yeye, mimi niliye hai na shati lililopigwa pasi nimekaa kwenye kiti chake namwombea yeye msamaha.

"Mzee, tupe mwanzo tu, tutadandia," anasema yule mpiga fidla mwenye meno ya dhahabu, nipe mwanzo, mwanzo ulikuwa Jumatatu, Bukaresti, kundi kubwa lilikuwa linatafuta mpuliza nai, mmoja tu, tulipangiwa twende wote wawili lakini Anghel alikuwa amemwahidi mtu harusi, na harusi ukishaiahidi huiachi, akanipeleka stesheni, akasema, "Tangulia wewe, waambie kaka yangu anakuja Alhamisi, wasimpe mtu nafasi kabla hawajanisikia," nikasema sawa, nilisema sawa na nilimaanisha, Mungu ni shahidi, nikaingia kwenye ukumbi wenye zulia, watu watatu nyuma ya meza, mmoja anakula cheri anatemea mbegu kwenye kiganja, nikacheza nyimbo mbili wakapiga miayo, wakasema una kingine, nikautoa nta kidogo kwa ukucha mwanzi wa saba mbele ya macho yao nikacheza ile, na yule mla cheri akaacha kutafuna, akauliza, "Hii ya nani?" nami nikasema, "Yangu," neno moja, limetoka kabla yangu, halafu yule mama mwenye miwani akauliza, "Kwenu yuko mwingine anayepuliza hivi?" na hapo nilikuwa na muda, hilo ndilo linaloniamsha hadi leo, nilikuwa na muda wa kutosha, nilimeza mate kabisa, nikasema, "Hapana." Alhamisi alikuja. Niko dirishani ghorofa ya pili wananipima kizibao cha tarizi, namwona getini, amevaa koti la harusi, nai ndani ya foronya chini ya kwapa, anaongea na bawabu, bawabu anatikisa kichwa, na Anghel anavua kofia kumshukuru, anamshukuru, mtu amemfukuza naye anamshukuru, kisha akainua macho akatazama madirisha moja baada ya jingine kama anayenitafuta, nami nikarudi nyuma hatua moja, mshonaji akasema, "Tulia, utachomwa sindano," jioni nikampigia simu ya posta ya kijijini akaniambia, "Wamesema imejaa, si kitu, wewe je, wamekuchukua?" akafurahi, alifurahi kweli.

Halafu Paris, halafu Tokyo, santuri zenye picha yangu, magazeti yakaandika Sile na noti inayolia, profesa mmoja akaja na kimashine chake akaipima ile noti, akaniuliza niliipataje, nikamwambia nimezaliwa nayo, na kila jioni kabla ya pazia kufunguka nilikuwa nafunga mlango, nautia ukucha mwanzi wa saba, nala nta kama panya, miaka arobaini na sita nimefanya kazi ya panya, na Krismasi naja hapa, Veta ananipakulia kabichi za nyama mpaka sahani inafurika, kula shemeji, umekonda, huko wanakulisha majani, alikuwa anajua? Alikuwa anajua huku akinipakulia?... "Ikipigwa redioni tu," namsikia anamwambia Onoriu, sauti yake haina hata makali, "ananiita, Veta, acha sufuria, njoo, panya wangu yuko Paris, leo panya wangu yuko Japani, basi tunasikiliza mpaka mwisho, ndipo anatoka kulisha bata," na Onoriu anasema, "Redioni? Basi si itakuwa ile ya..." na akodiani inavuta pumzi yenyewe tumboni mwake, hanitazami, anatazama viatu vyangu, ameshajua, Onoriu si mjinga, aliwahi kunitania Bwana Redio, leo hatanitania, na wale wa fidla watajua baada yake, na kabla mishumaa haijaisha kijiji kizima, na ajabu, siogopi, nilidhani siku hii ikifika nitakufa kwa aibu, aibu ipo, imenikaa shingoni, lakini si yenyewe inayonikalisha hapa, ni jambo lingine.

Namtafuta. Tangu Veta alitaje lile jina nimefumba macho namtafuta Anghel, pale kitandani, mama na viazi, asubuhi ile, noti inaanza kule chini, inapanda, na kila ikipanda najisikia mimi mwenyewe, nasikia ukumbi, makofi, mwangwi wa studio, noti yangu safi iliyopimwa, inayosita kwa kipimo hichohicho kila jioni, na yake haikuwa hivyo, yake haikujua kama itafika, siku nyingine haikufika kabisa akacheka akaendelea, hilo nalikumbuka kwa kichwa, kwa sikio silipati, hata kidogo, yeye hakurekodiwa popote, hakuna santuri, hakuna kanda, kulikuwa na sikio langu tu, nami nimelijaza sauti yangu mwenyewe, ndugu yangu niliyekuibia, nimekuja na mikono mitupu, sina hata cha kukurudishia, nilidhani naificha mali yako kumbe nimeila... "Mungu amsamehe," mwingine ameingia, "Amsamehe," wamejibu, safari hii mimi sikujibu. "Shemeji," Veta ameweka sinia chini, amekuja karibu, anasimama juu yangu ananukia mishumaa na vanila, "unaijua au huijui?" na ni swali rahisi, la ndiyo na hapana, kama lile la mama mwenye miwani, nina muda, nikisema naijua nitacheza ya kwangu na watu watalia na nitakuwa nimemwibia tena, akiwa anasikia, nikisema siijui atashuka kaburini bila wimbo wake, na jina lake litaishia kwenye jiwe, kwa hiyo hakuna jibu zuri, mazuri yote niliyatumia, limebaki baya, nitasimama nitangaze kama tulivyotangaza enzi zote, hii ya Anghel, ndugu yangu, mimi niliichukua, kisha nitaipuliza bila kujua noti itafika wapi, nitaitafuta mbele yao wote kwa sauti, nitaikosa, mimi Sile wa Paris nitaikosa mlangoni na jeneza likipita, waisikie jinsi ambavyo sinayo, waelewe alikuwa nayo nani. Wanne wameshaingia kubeba, wanakunja mikono ya mashati, Onoriu ameinua macho kutoka kwenye viatu vyangu, Veta bado ananingoja, nami bado nimekaa, nta inanishika vidole.