Chupa ya Merv Iliyoamka Bila Dawa

Watu wa hospitali waliokuwa wakivaa glavu mbili kumpa mgonjwa sahani ya chakula ndio hao hao leo wanaomwomba damu kwa barua yenye nembo. Merv Tilbrook hakusahau, lakini damu aliwapa. Kondakta huyu wa zamani wa tramu za Melbourne aliishi na VVU tangu mwaka themanini na sita, na kati ya wanaume saba waliopanga nyumba moja kule mtaa wa Fitzroy, alibaki hai yeye peke yake. Alitaka damu yake iingie kwenye utafiti wa tiba. Basi.

Jumanne moja ya mwezi wa Juni, Daktari Hanh Lieu wa maabara akampigia simu: chupa yake ya damu imekataliwa, anatolewa kwenye utafiti. Merv hakumaliza hata chai. Nusu saa baadaye alisimama mbele ya meza ya Hanh, masikio yamemwiva.

"Nimefukuzwa na tramu, nimefukuzwa na mwenye nyumba, hata kinyozi kanifukuza. Sasa nafukuzwa na chupa?"

"Merv, keti basi."

"Nitaketi nikishajua kosa langu."

Hanh, aliyeweza kuwa binti yake na aliyemzoea, akamsogezea kiti kwa mguu. "Chupa zako zilikuwa mbili. Moja tuliitia dawa, ya pili hatukuitia kitu. Ya pili ilitakiwa ilale. Imeamka, na sasa siwezi kujua kama dawa inafanya kazi."

Merv aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne, lakini mambo haya aliyasoma mwenyewe maktabani, kamusi pajani, enzi ambazo madaktari waliwaambia wenzake wakaandike wosia. Alijua kwamba vidonge vyake hukikamata kirusi kilicho macho tu. Kilicholala ndani ya seli za kinga hakiguswi. Alijua pia kinavyoamshwa. Ujumbe hubisha mlangoni mwa seli, na vimeng'enya vya ndani huupokezana, kimoja kikikichokoza kingine, kama wachezaji wa Collingwood, timu ya kandanda ya Kiaustralia, wanavyopasiana mpira kwa ngumi, mpaka wa mwisho afunge goli: seli inaamka, na kirusi nacho kinaanza kujizidisha. Dawa ya Hanh kazi yake ni kumsukuma mchezaji wa kwanza, ili adui atoke mafichoni apigwe.

"Uliruka vidonge?" Hanh aliuliza.

"Tangu tisini na sita sijaruka hata kimoja. Lete swali lingine."

"Uliumwa? Kikohozi, tumbo?"

"Mzima kama farasi. Sasa nikuulize mimi, daktari. Bila dawa yako, nani humsukuma yule mchezaji wa kwanza?"

"Adui mwingine akiingia mwilini. Maambukizi, au chan..." Hanh akalivuta faili lake. "Merv. Chanjo ya mafua umechomwa lini?"

"Wiki moja kabla hujanitoa damu. Mkono uliniuma siku mbili."

"Na hukusema!"

"Niliulizwa?" Merv alipiga meza, kalamu zikaruka. "Fomu yenu ina maswali arobaini na moja. Mmeuliza kama nina tatuu. Mmeuliza nimelala na nani tangu nikiwa na nywele. Chanjo kimya, na ni msimu wa mafua, mji mzima unachomwa!"

Hanh akacheka, kisha akafungua daftari la waliotolewa. "Kuna wanne niliowatoa kabla yako. Nilidhani chupa zilikuwa chafu."

"Wanne! Umemwaga damu za watu wanne bila kuwauliza hata neno?"

"Ndiyo."

"Basi shika simu. Mimi siondoki."

Hanh akapiga, Merv akiwa ameketi mlangoni kama askari. Watatu walikuwa wamechanjwa. Wa nne, Denise Kouris, alikuwa na jipu la jino, akawapa habari zake zote pamoja na matusi kwa daktari wa meno. Hanh akaenda mwenyewe kwa profesa msimamizi wa utafiti kukiri kosa, na wote watano wakarudishwa watolewe damu upya Agosti, chanjo na jipu vikishatulia.

Siku ya majibu, Merv na Denise walifika pamoja na sahani ya keki za nazi na chokoleti.

"Ya dawa imeamka," Hanh alisema, akishindwa kuficha meno. "Isiyo na dawa imelala fofofo. Merv, umo."

Merv akajaza keki mdomoni ili asilie.

"Na yangu?" Denise akadakia.

"Yako isiyo na dawa nayo imelala."

"Eti! Miaka sitini na mitatu, leo ndiyo mara ya kwanza kitu changu kutulia."

Merv akapaliwa, Hanh akawa anampiga mgongoni.