Alama Thelathini na Moja

Ilipofika saa moja kasorobo asubuhi, Wavinya alikuwa ameshapangusa kinyesi cha popo kwenye kiti chake, ameshawasha simu tatu za ofisi, na ameshatukanwa na mteja mmoja. Yaani siku ilikuwa imeanza vizuri.

Alikuwa karani wa safari katika kampuni ya Mzee Nthiwa pale Kitui mjini: malori kumi na moja, madereva kumi na wawili, na choo kimoja ambacho hata nzi walikiingia kwa tahadhari. Kazi yake ilikuwa kujua kila lori liko wapi, limebeba nini, na kama limechelewa, limecheleweshwa na nini. Miaka saba alikuwa ameifanya kwa simu, kwa kitabu kikubwa cha jalada jeusi, na kwa kumbukumbu ambayo madereva walisema si ya kawaida, huenda aliirithi kwa bibi fulani asiyetajwa mchana.

Lakini sasa kampuni ilikuwa inatafuta sistemu. Kila tajiri wa malori kutoka Kitui hadi Wote alikuwa na sistemu, na Mzee Nthiwa alikuwa amechoka kuulizwa harusini yake ni ipi.

Walijaribu mbili, wiki moja kila moja. Ya kwanza ililetwa na kijana wa Mwingi aitwaye Abdulmalik, ambaye hakuleta kitu kingine ila kompyuta iliyopasuka kona na swali moja: je, angeweza kupanda lori aone barabara? Akapanda na dereva Muindi hadi ndani kabisa ya Ikutha, akarudi masikio yamejaa vumbi, akakaa chini akaitengeneza sistemu yake upya. Dereva akisimama mahali pasipo na netiweki, anaandika sababu kwenye simu, simu inaitunza, na netiweki ikirudi sababu inajituma yenyewe ofisini.

Ya pili iliitwa JichoFliti. Ilikuja kutoka Nairobi na msichana mtanashati aitwaye Yvonne, televisheni kubwa ya kutundika ukutani, fulana za bure, na siku tatu za mafunzo katika hoteli moja ya ufuoni kwa meneja wa kampuni. Meneja alikuwa Mutiso, mkwe wa Mzee Nthiwa. Akaenda peke yake. Akarudi pua imebabuka na maoni yake tayari.

Wavinya, kwa kuwa aliambiwa yeye ndiye mtumiaji mkuu na neno lake ndilo litakalosikizwa, aliandika ripoti ya kurasa nne. Akachagua ya Abdulmalik. Akaeleza kwa nini, kwa mifano na tarehe. Ijumaa akaiweka mezani kwa Mutiso. Hii ilikuwa Jumatatu, na Mutiso alikuwa hajasema kitu.

Saa moja na nusu televisheni ya ukutani ikajiwasha yenyewe na kutangaza alama za madereva za wiki ya majaribio.

Aliyeongoza alikuwa Kiilu, mia kwa mia. Dereva wa Wiki. Picha yake ilizungukwa na nyota.

Lori la Kiilu lilikuwa nyuma ya ofisi tangu Jumatatu iliyopita, juu ya mawe, gia boksi imefunguliwa na kutandazwa chini. Wiki nzima halikuzidisha mwendo. Halikukata kona vibaya. Halikusimama bila ruhusa, kwa sababu halikuwahi kuondoka.

Kiilu mwenyewe alicheka hadi akashika mlango.

"Mzee Muindi," akamwita dereva aliyekuwa amesimama nyuma akinywa chai kwenye kifuniko cha chupa, "kuja nikufunze kuendesha. Siri ni kukaa. Unakaa tu, buda, gari inakaa, nyota zinakuja."

"Nifunze," Muindi akasema. "Nimeendesha miaka kumi na tisa na sijawahi kuona hata moja."

"Wewe uko wapi kwani?"

Muindi alikuwa chini kabisa. Thelathini na moja. Jina lake lilikuwa jekundu, na karibu nalo sistemu ilikuwa imeandika: Kusimama bila sababu, muda wa saa nne na dakika kumi.

Madereva wakacheka tena, lakini mara hii simu ya Muindi ikalia. Akaitoa, akaisogeza mbali na macho ili asome, kisha akampa Wavinya amsomee. Ujumbe ulisema: Ndugu MUINDI, alama zako ziko chini ya 40. Fika kwa meneja saa nne. JichoFliti, pamoja barabarani.

Kila dereva akakumbuka ana kitu cha kuangalia kwenye tairi.

"Si ile siku ya mto?" Wavinya akauliza.

"Ni hiyo."

Alhamisi Muindi alikuwa anatoka Ikutha na tani kumi na mbili za ndengu, anazipeleka ghala la Kiboko. Ule mto wa mchanga unaokata barabara ya ndani, mkavu karibu mwaka mzima, ulikuwa umeteremsha maji. Juu yake jua kali, mbingu kavu kama sahani, lakini mvua ilikuwa imenyesha mbali huko vilimani na maji yakaja yamebeba magogo. Muindi akasimama akangoja. Mtu yeyote mwenye akili angengoja. Pale kivukoni bado unaona paa la lori la watu wengine walioingia mwaka juzi, wawili ndani, mchanga umelizika hadi madirishani na mbuzi hulipanda kuota jua.

Kisanduku cha JichoFliti kilichofungwa ndani ya lori kilikuwa kinaliona kupitia setilaiti. Kuona kiliona. Lakini sababu ilitakiwa itumwe kwa intaneti, palepale, ndani ya dakika kumi, na pale intaneti haijawahi kufika. Kwa hiyo kwa JichoFliti, Muindi alikuwa amelala.

Saa nne Muindi na Wavinya wakaingia ofisini kwa Mutiso. Mzee Nthiwa alikuwa ameketi katika kiti cha wageni, fimbo katikati ya magoti. Yvonne alikuwa na tableti. Mutiso alikuwa anakula sambusa, na ili asichafue meza alikuwa ameziweka juu ya karatasi. Wavinya aliitambua karatasi hiyo. Ilikuwa ukurasa wa kwanza wa ripoti yake, mafuta yameshapenya hadi wa tatu.

Akavuta kiti. Akakaa.

"Kwanza tuombe," akasema Mzee Nthiwa, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa na hata matairi hakununua bila maombi. Akamshukuru Bwana kwa teknolojia. Akamwomba awafichue wazembe. Mutiso akasema amina huku anatafuna.

"Muindi," Mutiso akaanza, "wewe tunakuheshimu. Lakini kampuni saa hii inaenda na data. Saa nne nzima umesimama. Eleza."

"Mto ulikuwa umejaa."

"Mto gani? Nimeangalia hali ya hewa ya Ikutha siku hiyo. Hakukuwa na mvua." Akageuza simu yake wote waone kijua cha manjano kinachotabasamu.

"Mvua haikunyesha hapo," Muindi akasema polepole. "Maji yalitoka juu."

"Juu wapi?"

Muindi akamtazama mtu huyu, aliyezaliwa Kitui, aliyelelewa Kitui, anayeuliza maji ya mto hutoka wapi.

"Mzee," Wavinya akamgeukia Nthiwa, "alinipigia. Alipanda kile kilima akapata netiweki ya kuongea, akaniambia. Iko kwa kitabu, saa na dakika. Na kwa ripoti niliandika kabisa kwamba hii sistemu itaadhibu wenye wanangoja na itawasifu wenye hawaendi mahali. Kiilu amepata mia na gari yake iko kwa mawe."

Mzee Nthiwa akakuna kidevu. Kwa muda mfupi ilionekana kama amesikia.

"Hiyo ya Kiilu ni kweli?" akauliza.

"Ni ya majaribio, Mzee," Yvonne akasema kwa sauti laini ya kubembelezea mtoto sindano. "Algoridhimu inajifunza. Ikipata miezi sita itakuwa imemjua kila dereva."

"Sasa si mngoje ijifunze kwanza kabla mfute mtu?" Wavinya akauliza.

Yvonne akatabasamu, akamtazama Mutiso. Mutiso akajipangusa vidole kwa ukurasa wa nne.

"Mzee, mkataba tumeshaanza," akasema. "Mtumiaji mkuu ameshakubali."

"Nani?" Wavinya akauliza. "Mimi sijasaini kitu."

"Si leo asubuhi ulifungua sistemu ukaangalia alama za Muindi zimetolewa wapi?"

"Nilifungua, ndiyo."

"Na kabla ifunguke ilikuuliza swali. Ukabonyeza Nakubali: mkataba, alama, na hatua zake zote."

Yvonne akageuza tableti. Kweli: WAVINYA, mtumiaji mkuu, amekubali, saa moja dakika arobaini na mbili. Alikuwa ameibonyeza kama anavyobonyeza kila mtu duniani, ili lile dirisha liondoke apate kuona alichokuwa anatafuta, namna ya kumtetea Muindi. Na sasa jina lake ndilo lilikuwa juu ya karatasi ya kumfukuza. Akahisi ameshikishwa kitu kibichi kinachonuka, mikono miwili, mbele ya watu.

"Basi," Mzee Nthiwa akasema, akisimama kwa fimbo yake, ametulia kama mtu ambaye uamuzi umefanywa na mwingine. "Kama Wavinya amekubali. Yeye ndiye anajua hawa watu."

Muindi akasimama. Akatoa ufunguo, akauweka mezani kando ya sambusa, akatoka. Wavinya akamfuata hadi kwenye lori. Muindi akapanda akateremsha vitu vyake: kitambaa cha kukalia, chupa ya chai, Biblia ambayo jua lilikuwa limeipausha mgongo.

"Muindi, mimi sikukubali. Wamenitega."

"Najua, mwaitu." Alimwita mama, kwa Kikamba, ingawa angeweza kumzaa. "Usilie hapa. Watasema ni data."

Akaenda zake kwa miguu, kitambaa begani.

Kabla vumbi lake halijatulia, Mutiso alikuwa dirishani akipaza sauti kwamba Dereva wa Wiki achukue lori la Muindi, aende Ikutha akachukue ndengu za mteja, azifikishe Kiboko leo. Kiilu akapokea ufunguo bila kumwangalia mtu machoni. Hakutania. Akaondoka saa tano.

Saa kumi kasoro robo simu ya katikati ikalia.

"Madam." Alikuwa Kiilu, anahema, alikuwa amekimbia kupanda kilima. "Nimeshapakia, sasa niko kwa mto. Maji imekuja."

"Nyingi?"

"Brauni. Inabeba miti. Huku kumekauka kabisa, sijui imetoka wapi." Akajirekebisha. "Wacha, najua imetoka wapi. Madam, hii kitu kwa gari imeanza kulia, naisikia mpaka huku juu. Inasema nina dakika sita. Nikiingia na spidi naweza pita. Nadhani."

"Unadhani."

"Watoto wangu wako shule, Madam. Mzee Muindi ameenda nyumbani leo asubuhi, na yeye ni Muindi. Mimi ni nani?"

Wavinya akatazama televisheni. Nukta ya lori ilikuwa imeanza kupepesa, njano. Chini yake palikuwa pamefunguka dirisha jipya, ambalo hakuwahi kuliona kwa sababu alikuwa hajawahi kupewa uwezo wa kuliona hadi alipokubali. Lilisema: Gari limesimama. Nani ameruhusu? Kulikuwa na mstari mtupu wa kuandika jina, na chini yake, kwa herufi ndogo sana, kwamba muda wote uliopotea utahesabiwa kwa aliyeruhusu.

"Dakika nne," Kiilu akasema.

"Kiilu, gari iko umbali gani na maji?"

"Hatua ishirini hivi."

"Teremka uirudishe nyuma. Mpaka pale juu penye mawe. Uzime, uweke breki, ukae chini ya kivuli."

"Nani amesema?"

Chumba cha pili Mutiso alikuwa anamsindikiza Yvonne mlangoni, wanacheka, anamwambia karibu tena Kitui.

"Wavinya amesema," akajibu. "Wakikuuliza, usiongeze hata neno. Wavinya."

Akavuta kibodi, akaandika jina lake kwenye ule mstari, lote, la kwanza na la baba, herufi kubwa. Akabonyeza. Nukta ikaacha kupepesa. Sistemu ikamshukuru kwa ushirikiano na kuanza kumkata alama, moja kila dakika. Ukutani jina lake likaonekana kwa mara ya kwanza katika orodha ya madereva, likaanza kuteremka taratibu. Upande wa pili wa ukuta simu ya Mutiso ikalia, kicheko kikakatika.

"Madam," Kiilu akasema, "nimesikia. Lakini inaweza kaa mpaka usiku."

"Ikae," Wavinya akasema, akasikia mlango unasukumwa na viatu vya Mutiso vinakuja. "Umekula?"