Umeungua Chini, Mbichi Juu

Mwongoza watalii asiyejua kupiga chuku atalala njaa, na Ninfa Abbate hakuwa na nia ya kulala njaa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiwapitisha wageni kwenye vichochoro vya Ballarò, mjini Palermo, wakila huku wakitembea: bajia za dengu kwanza, kisha mkate wa bandama, kisha utumbo wa kuchoma kwa wenye roho ngumu. Chuku zake zilikuwa za kawaida tu. Kanisa lililojengwa kwa miaka sitini yeye alilipa mia na ishirini. Muuza bandama alimfanya mjukuu wa mpishi wa mfalme, na muuza bandama mwenyewe alishaanza kuamini. Hakuna aliyeumia.

Uongo mmoja tu ndio uliokuwa wa aibu, nao ulimhusu marehemu baba yake.

Mzee Castrenze Abbate aliuza sfincione maisha yake yote, ule mkate mnene wa nyanya, vitunguu na dagaa unaokatwa vipande vya mraba. Alianza na mkokoteni, akamalizia na bajaji ya mizigo. Koo lilipoanza kumsaliti alijirekodi kwenye kanda na kufunga spika juu ya paa. Mwisho wa siku zake alimuuzia mchuuzi aitwaye Melchiorre kila kitu kwa pamoja: chombo, sinia, wateja na kanda. Kwa hiyo mzee alizikwa, lakini sauti yake ya kukwaruza iliendelea kupita mitaani kila siku isipokuwa Jumapili, mwaka wa nane sasa:

"Umeungua chini, mbichi juu! Mafuta hakuna, vumbi bure! Mwenye meno na aje!"

Ndivyo wanavyonadi huko. Muuzaji akisifu mkate wake, watu wa Ballarò wanaushika na kuunusa mara mbili. Akiuponda, wanajua ana hakika nao. Ninfa aliyajua hayo kabla hajaota meno, lakini wageni walipomwuliza spika inasema nini, alijibu bila kupepesa macho: "Inasema, laini, moto, umetoka tanurini sasa hivi, karibuni wapendwa." Kisha aliongeza sauti ya kipaza sauti chake cha kifuani na kuongea mfululizo mpaka baba yake apite.

Jumanne moja asubuhi, Melchiorre alikuwa akimsubiri mdomoni mwa soko. Alikuwa amevua kofia, na Melchiorre hakuwa mtu wa kuvua kofia hata kanisani.

"Dada Ninfa, nina neno."

"Liseme upesi, wageni hao wanakuja."

"Mgeni wako mmoja wa wiki iliyopita aliielekezea spika simu yake. Simu ikatafsiri. Yote, mpaka vumbi. Kaandika mtandaoni kwamba mwongozaji ni mwongo, na muuzaji anakiri kwa kinywa chake kwamba mkate ni mchafu. Ofisi yenu imenipigia. Nibadilishe maneno, la sivyo nitoke kwenye njia yenu."

Ninfa alihisi uso unamwaka moto. "Na wewe ukajibu nini?"

"Ningejibu nini? Nusu ya wanaokula kwangu ni watu wako. Nimempata kijana mmoja wa maigizo, katengeneza tangazo jipya. Lina adabu. Lina hata gitaa."

"Unaanza lini?"

"Leo."

"Na mama anajua?"

Melchiorre alikitazama kiatu chake cha kushoto, kisha cha kulia. "Nilidhani utamwambia wewe."

Mama yake, Bi Crocifissa, alikuwa na miaka themanini na minne na nyonga iliyovunjika ikaungwa vibaya. Hakushuka tena ngazi zile za ghorofa tatu. Lakini kila siku, saa tano na nusu, sauti ya Castrenze ilipokata kona, alikuwa ameshachana nywele, amevaa hereni, amesimama kwenye roshani na kikapu chake chenye kamba ndefu. Alimsubiri amalize, naye akamjibu kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili: "Uongo! Wa jana ulikuwa mbaya zaidi!" Kisha akateremsha kikapu, Melchiorre akaweka kipande cha pembeni, kikapu kikapanda.

Msimdhanie kuwa akili zimemruka. Siku moja Ninfa alijaribu kumwambia kwa upole kwamba baba hayupo, akajibiwa mpaka akajuta. "Mimi ndiye niliyemvisha soksi za kuzikwa, utanifundisha wewe aliko? Lakini mwanamume akikuchokoza kila siku miaka hamsini, utaacha kumjibu eti kwa sababu amekufa?" Daktari alisema wazee wengi wenye nyonga ile huzama kitandani ndani ya mwaka mmoja. Bi Crocifissa alikuwa mwaka wa tano, na sababu yake ya kuchana nywele ilikuwa hiyo moja.

Ninfa alimpigia simu. Iliita mpaka ikachoka. Mama yake aliiweka kabatini, katikati ya mashuka, isije ikaharibika. Kumkimbilia hakuwezekani, wageni wanane walikuwa wameshamzunguka wakiwa na kofia zao na chupa zao za maji, na mmoja wao, Mholanzi mrefu aitwaye Joost, alikuwa tayari ameinyanyua simu akitafsiri kibao cha samaki. Ikabidi ajikaze na kuanza.

Aliwalisha bajia. Aliwapeleka kwenye bandama na kuwaagizia bila kusema chochote kuhusu mfalme.

"Vipi, leo babu yangu hakupika ikulu?" muuza bandama alinong'ona, amenuna kabisa.

"Leo babu yako amepumzika."

"Waambie walau alikuwa mwosha vyombo!"

Lakini Ninfa hakuwa hapo. Mawazoni alikuwa na miaka kumi na mitatu tena, amesimama kwenye lango la shule ya wasichana nyuma ya soko, na baba yake anakata kona na mkokoteni, kifua wazi, akinadi vumbi lake mbele ya mabinti wa wanasheria. Wiki nzima walimwimbia. Alipokaa alisikia "umeungua chini," aliposimama alisikia "mbichi juu." Jumamosi alimwambia baba yake, bila hata kumtazama, "Baba, ukipita shuleni nyamaza." Mzee alikuwa anakata vitunguu. Akafuta kisu kwa kitambaa. "Sawa, mwanangu," akasema, na Jumatatu akapita kimya na mkokoteni wake kama mtu anayesindikiza jeneza. Hawakulizungumza tena, na Ninfa hakuwahi kuomba radhi. Alisema ataomba kesho, mpaka kesho zikaisha.

Saa tano na nusu waliingia kwenye kichochoro cha mama yake. Bi Crocifissa alikuwa juu, hereni zinang'aa, kikapu mkononi. Alimpungia binti yake kidole kimoja, maana alikuwa na miadi na hakutaka kusumbuliwa.

Bajaji ikakata kona. Kwanza lilikuja gitaa. Kisha sauti changa, tamu kupita kiasi, ikasema kwa lugha ya runinga: "Karibuni wageni wetu wapendwa! Onjeni ladha halisi ya Palermo! Laini, safi, kwa viungo bora!"

Kikapu, kilichokuwa kimeshaanza kushuka, kikasimama hewani kwenye ghorofa ya pili.

"Nani huyo?" aliuliza Bi Crocifissa.

Melchiorre alizima injini, lakini kijana wa gitaa aliendelea kumwaga sukari.

"Melchiorre! Umempeleka wapi?"

"Mama Crocifissa, ni biashara tu, wageni wana—"

"Nimekuuliza umempeleka wapi mume wangu!"

Muuza ndimu aliyekuwa akibishana na mkewe aliacha katikati ya tusi. Melchiorre alipapasa kitufe mpaka sauti ile ikakatika, na kikapu kikaanza kurudi juu, taratibu, kitupu, kikigonga ukuta. Ninfa alimwona mama yake akivua hereni moja. Aliona vizuri kabisa, maana kuna mambo ambayo jicho haliwezi kuyakosa hata kutoka chini ya ghorofa tatu, na moyo ukamwambia kwamba hereni ile ikiingia kabatini leo haitatoka tena.

Alikibandua kipaza sauti kifuani akakitia mfukoni. Kwa kazi yake alikuwa na sauti moja laini, ya kusuguliwa na kupigwa pasi. Nyingine aliizika shuleni, na hakuwa na hakika kama bado ipo. Alifungua kinywa.

"Umeungua chini!"

Ilitoka imevunjika katikati, kama sauti ya jogoo mgonjwa. Wageni waligeuka wote. Alijaza kifua upya.

"Mbichi juu! Mafuta hakuna, vumbi bure! Mwenye meno na aje!"

Safari hii ilitoka ilivyo, ya kukwaruza na ya kifua, na ikapanda ukuta kwa ukuta mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Ninfa mwenyewe alishtuka. Hakuna aliyemfundisha sauti ile. Kumbe ilikuwa humo muda wote ikimsubiri.

Bi Crocifissa alishika chuma cha roshani kwa mikono miwili.

"Uongo!" alipiga kelele. "Wa jana ulikuwa mbaya zaidi!"

Na kikapu kikashuka.

Muuza ndimu alipiga makofi. Wageni nao wakapiga, bila kujua wanampigia nani. Joost aliitazama simu yake, akamtazama Ninfa. "Samahani, hapa inasema umeungua na una vumbi. Nimekosea kubonyeza?"

"Hujakosea," alisema Ninfa, na machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. "Ndivyo tunavyosema. Hapa mtu akijisifu tunamkimbia. Huyo aliyekuwa akinadi hivyo ni baba yangu, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiwaambia wageni maneno mengine kwa sababu nilimwonea haya. Aliyeandika kwamba mwongozaji ni mwongo aliandika kweli tupu."

Joost alifikiri kidogo. "Kwa hiyo vumbi lipo?"

"Lipo. Bure."

"Basi nipe vipande viwili."

Walikula wote wamesimama, nyanya ikiwatiririka mpaka viwikoni. Ninfa alimwendea Melchiorre. "Kanda ulitupa?"

"Nitupeje mtu?" Aliitoa kwenye mfuko wa shati, palepale moyoni. "Lakini ofisi yenu..."

"Ofisi nitaiandikia mimi. Nitawaambia mwenye makosa ni mimi, si mkate. Wakikutoa kwenye njia, watanitoa na mimi. Iweke."

Melchiorre aliiweka. Spika ilikohoa, na Castrenze akaja na koo lake bovu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi Ninfa hakuifunika sauti ile kwa maneno yake. Aliisikiliza mara moja mpaka mwisho, na iliporudia alinadi pamoja nayo, neno kwa neno.

"Haya, sasa mmekuwa wawili!" Bi Crocifissa alilalamika kutoka juu, mdomo umejaa mkate na hereni imesharudi sikioni. "Mmoja alinishinda, wawili nitawawezaje?"

Siku nyingine Ninfa aliwarudisha wageni sokoni kwa njia ya kuzunguka, lakini leo walifuatana na bajaji, Melchiorre mbele kwa mwendo wa konokono, Ninfa ubavuni, mkono juu ya chombo cha baba yake. Mzee alinadi kushoto, akanadi kulia. Walipofika kwenye ukuta wa shule, Melchiorre alinyoosha mkono akaizima.

"Mbona unazima? Nimekwambia ofisi niachie mimi."

"Si ofisi, dada. Hapa nazima kila siku. Mzee aliponiuzia chombo alinipa sharti moja tu. Akasema, ukifika ukuta wa shule unanyamaza, unapita, ukimaliza ndiyo unanadi. Hata kama shule imefungwa, hata Agosti."

"Hakukwambia kwa nini?"

"Nilimwuliza. Akasema ameahidi."

Ninfa alikuwa na miaka hamsini na miwili. Tangu amalize shule alikuwa amelipa kisogo lango lile miaka thelathini na minne, na siku zote hizo, mvua na jua, baba yake alikuwa amelipita kimya, kisha akamrithisha mwingine ukimya huo ili usikatike. Alisimama. Wageni nyuma yake nao wakasimama, vipande mkononi. Ndani ya ua wasichana walikuwa kwenye mapumziko, wakichekana kwa sauti.

"Washa," alisema.

"Lakini mzee alisema—"

"Aliniahidi mimi, Melchiorre. Washa, sauti mpaka mwisho wa spika."