Pete Juu ya Chupa za Nyama

Nilipofungua pete ya kwanza kwenye chupa ya mama mkwe wangu, kifuniko kilikuja nayo mkononi. Hakikung'ang'ania hata kidogo. Kilinyanyuka kama kofia, na chini yake nyama ya kusaga ilikuwa imetulia ndani ya mafuta meupe yaliyoganda, haina povu, haina harufu, inatamanisha.

Mama mkwe, Verlie, alikuwa amenituma chupa mbili tu, za mchuzi wa mchana. Tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kanisani. Nilikuwa nimesimama kwenye stoo iliyochimbwa ubavuni mwa mlima, mwanangu Opal nimembeba kiunoni, viatu vya Jumapili vinazama kwenye udongo. Ningechukua chupa mbili nikaenda zangu. Lakini kesho yake, Jumatatu, nilikuwa naanza kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Opal, ambaye alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, angebaki na bibi yake kuanzia alfajiri hadi jioni. Verlie alikuwa ameshaniambia: "Atakula ninachokula mimi." Na anachokula Verlie, tangu theluji ya kwanza mpaka maua yachanue, ndicho hicho nilichokuwa nimekishika.

Chupa zetu zina vitu viwili mdomoni: kifuniko bapa chenye mpira, na pete ya bati inayokibana juu. Kazi ya pete ni kukishikilia kifuniko wakati chupa iko motoni. Chupa ikishapoa, kifuniko hunywea katikati na kung'ang'ania mdomo chenyewe, na hapo pete huvuliwa kabla ya kupanga chupa kabatini. Kilichoshika kitabaki kimeshika. Kisichoshika utakijua siku hiyo hiyo. Lakini Verlie havui pete. Huzikaza kwa kitambaa, kisha kesho yake huzikaza tena, kwa sababu mama yake alifanya hivyo, na mtu aliyegusa pete za chupa za mama yake alikuwa kama mtu aliyeingia chumbani kwake bila hodi.

Nilifungua ya pili. Imeshika. Ya tatu ikanyanyuka. Ya nne imeshika. Ya tano ikanyanyuka.

"Unafanya nini humo?"

Alikuwa Oleta, wifi yangu, amejaza mlango wa stoo, bado ana kofia ya kanisani kichwani.

"Njoo uone, wifi. Hiki hakijashika. Na hiki. Na hiki."

Hakuangalia vifuniko. Aliangalia pete zilizokuwa zimelala kwenye ubao. "Umevua pete za mama," alisema taratibu, kama mtu anayeeleza polisi alichokiona. Kisha akageuka akapaza sauti kuelekea nyumbani: "Mama! Msomi wako kakufungulia chupa!"

Ugomvi wenyewe ulianza wiki tatu nyuma. Ng'ombe alichinjwa mwanzoni mwa Novemba, na mume wangu Garland akarudi na nyama iliyosagwa tayari, nusu yetu na nusu ya mama yake. Mimi nilikaanga yangu kwanza, nikamwaga mafuta, nikajaza chupa kwa maji ya moto na kuacha nafasi ya pingili moja ya kidole juu, nikafuta midomo ya chupa kwa kitambaa chenye siki. Kisha nikaziingiza kwenye sufuria ya presha. Verlie alivuka uwanja kutoka kwenye nyumba yake, akasimama mlangoni mwa nyumba yetu ya magurudumu, mikono ndani ya aproni, hakuingia wala hakuondoka.

"Unaikaanga ya nini? Si itaivia humo humo?"

"Mafuta, mama. Yakipanda mdomoni, kifuniko hakishiki."

"Na siki? Unatengeneza kachumbari?"

"Ya kufutia."

"Mimi nafutia aproni." Akaitazama sufuria ilivyokuwa inapiga mluzi. "Na hilo bomu lako likilipuka, usimweke mjukuu wangu karibu. Shangazi yangu lake lilipasua dari. Mpaka leo kuna harage juu pale."

"Nimeliweka paundi kumi na tano za presha, mama. Huku mlimani tulivyo juu, kumi hazitoshi. Dakika sabini na tano, halafu siligusi mpaka lipoe lenyewe."

"Kasema nani?"

"Mwalimu wetu wa shule ya jioni."

Ningejua ningesema nimeota. "Mwalimu wa jioni!" Verlie alirudia, na tangu siku ile hakuniita Tansy tena. "Ana watoto wangapi, huyo wa jioni? Mimi nimelea watano kwa nyama iliyochemshwa kwenye karai, saa tatu nzima, maji yanaruka. Amekufa nani?"

Nilijaribu kumweleza. Kwamba maji, hata yachemke kutwa, hayafikii ule moto unaotakiwa kwa nyama. Ni mvuke uliobanwa tu unaofika. Kwamba kijidudu kinachobaki hai humo hutoa sumu isiyo na harufu wala ladha, na mtu akiila, kope zinalegea, kisha ulimi, kisha pumzi. Nilieleza vibaya. Nilieleza haraka haraka, kama mtoto anayesoma ubaoni. Verlie alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umemaliza? Haya, mpe mtoto maziwa, analia," na Opal hakuwa analia.

Sasa, nikitoka stoo, niliingia jikoni kwake na zile chupa tatu kwenye ndoo. Garland alikuwa ameshakaa mezani na shati lake jeupe. Mkate wa mahindi ulikuwa unafuka moshi katikati ya meza, na viazi vilivyopondwa, na mchuzi ukisubiri nyama. Oleta alimchukua Opal mikononi mwangu bila kuniomba, akampakata.

"Ziweke hapo," alisema Verlie. Niliziweka. "Nani kakutuma uvue pete?"

"Hakuna, mama. Nilitaka kuona kama zimeshika."

"Na zilikuwa zimeshika."

"Hizi tatu hapana."

"Zilikuwa zimeshika mpaka mkono wako ulipofika." Aligeuka kwa mwanawe. "Garland, umesikia? Anavua pete, kifuniko kinalegea, halafu anasema chupa mbovu. Mtu akikung'olea msumari mlangoni halafu akakwambia mlango wako unaanguka, utamwitaje?"

"Kilichoshika hakilegei kwa kuvuliwa pete," nilisema. "Chukua chupa yoyote, mama, vua wewe mwenyewe. Mikono yako, siyo yangu."

"Mimi nisijaribiwe jikoni kwangu."

"Mama, kesho mtoto wangu anashinda hapa."

"Mtoto wako!" Alicheka bila kufungua meno. "Huyu ni wa ukoo huu. Wewe umekuja juzi na daftari."

Nilimtazama Garland. Alikuwa anatazama sahani yake tupu kwa bidii kubwa. "Tuleni basi," alisema. "Chakula kinapoa. Tansy, mama ataichemsha kwanza, si ndiyo, mama? Ikichemka si inakuwa sawa?"

"Dakika kumi ikitokota, labda," nilisema. "Lakini hii isiyoshika ni ya kutupa. Na ya Opal haichemshi. Nimemwona. Anaichanganya na viazi vya moto, basi."

"Kwa hiyo unanipeleleza," alisema Verlie.

Akachukua kijiko. Verlie ana desturi hiyo, kila anayemjua anaijua: kabla ya kumwaga nyama sufuriani, huonja ya baridi moja kwa moja kutoka kwenye chupa, apime chumvi. Aliivuta ile chupa ya kwanza, akazamisha kijiko chini ya mafuta, akakitoa kimejaa.

"Nimekula hii kabla sijaota meno," alisema. "Nitakula mbele yako. Halafu nitampa mjukuu wangu, na wewe utakaa hapo utazame. Oleta, msogeze mtoto."

Oleta alimsogeza Opal. Opal, ambaye hamkatai mtu yeyote mwenye kijiko, alifungua mdomo.

Sikufikiri kitu. Kijiko kilikuwa njiani kwenda kwenye mdomo wa Verlie, na mkono wangu ukampiga kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu, nguvu zote. Kijiko kiliruka kikagonga jiko. Nyama ikatapakaa kwenye kalenda ya duka la mbegu, kwenye pazia, kwenye blauzi yake ya Jumapili. Opal alipiga makofi.

Verlie alishika kifundo chake.

"Umenipiga," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kampiga mama!" Oleta alikuwa amesimama. "Tumetoka kumega mkate wa Bwana sasa hivi, kampiga mama!"

"Ukikiokota nitakupiga tena," nilimwambia Verlie. "Unichukie tu. Lakini usile hiyo."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile. Hakukuwa na shukrani ndani yake wala woga. Alinitazama kama anavyotazama mbweha aliyeingia bandani. "Toka," alisema. "Na kesho usiniletee mtoto. Mpigie mwalimu wako wa jioni, akulelee."

Nilimchukua Opal kwa Oleta na ilibidi nimvute. Nilitoka bila koti.

Garland alinifuata uwanjani, mkate wa mahindi mkononi. "Hukuweza kusema kwa maneno?"

"Nimesema wiki tatu kwa maneno. Ulikuwa wapi?"

"Nipo barabarani na lori, Tansy, unajua nilikuwa wapi. Yule ni mama yangu!"

"Ndiyo maana nimekipiga kile kijiko."

Alimeza mkate wake. "Na kesho utafanyaje?"

Sikujua. Nafasi ile ya kazi nilikuwa nimeingojea tangu nilipopata cheti changu. Nilikuwa nimesomea kwenye meza ya jikoni, mguu mmoja ukisukuma kitanda cha mtoto. Kuna wanawake kumi na moja waliokuwa wanaitaka. Mtu asiyetokea siku ya kwanza haulizwi sababu.

"Nitawapigia niseme siji," nilisema.

"Ungemwomba mama msamaha..."

"Halafu amlishe?"

Alirudi kwa mama yake. Nilimpa Opal chakula: nyama yangu, niliyoifungua mwenyewe, nikaitokosha kwa saa ya ukutani, dakika kumi, nikaichanganya na wali na karoti. Alikula akaomba tena. Nililia kidogo, siyo sana, maana ukilia mbele ya Opal anacheka, anadhani ni mchezo.

Jua lilikuwa bado kwenye kilele cha mlima, halijazama, niliposikia chuma kikigonga mawe. Nilisogeza pazia. Oleta alikuwa nyuma ya banda la kuku na sepetu, amevua kofia, anachimba. Verlie alikuwa amesimama juu yake na kapu.

"Zaidi," nilimsikia akisema. "Mbwa atafika hapo."

"Mama, mgongo!"

"Zaidi, nimekwambia."

Oleta alichimba mpaka shimo likamfika magotini. Ndipo Verlie akainama, akaanza kuzishusha chupa moja moja, zikiwa na nyama na vifuniko na kila kitu, taratibu, kama mayai. Hakutazama upande wetu hata mara moja. Alipomaliza alichukua sepetu kwa binti yake, akafukia mwenyewe.

Alfajiri ya Jumatatu Garland alikuwa ameshaondoka na lori. Nilikuwa nimevaa sare nilizopewa, simu mkononi, namba ya kazini nimeshaiandika ila sijapiga, mlango ukagongwa mara moja. Verlie alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe. Kifundo cha mkono alikuwa amekifunga kitambaa, kikubwa kuliko ilivyohitajika.

"Sita," alisema. Hakunisalimia. "Sita hazikushika. Tatu ni zako, ulizilegeza. Hizo nyingine tatu nilivua pete mwenyewe, sijui."

"Ndiyo, mama."

"Usiseme ndiyo, mama. Hujashinda kitu. Stoo yangu hutaingia tena, hata moto uwake."

"Sawa."

"Nipe chupa zako. Za mtoto. Na uziandike jina lake, kubwa, kila chupa, ili akiumwa tumbo isisemwe ni Verlie."

Nilitafuta kalamu ya wino mzito. Niliandika OPAL kwenye vifuniko vinne, na yeye akavikagua kimoja kimoja, akavibonyeza katikati kwa kidole gumba. Havikulia tiki; vyote vilikuwa vimeshika.

"Na hizo zako zilizobaki, mama," nilisema, "hata zilizoshika, ukila, usionje baridi. Ichemke dakika..."

"Binti."

Niliifunga kalamu.

"Kumi," alisema kwa uchungu. "Nimesikia. Mji mzima umesikia." Alizitia chupa mfukoni mwa koti, mbili huku na mbili huku, akanyoosha mikono. Nilimpa mtoto. Opal alimshika miwani mara moja, na Verlie akamwachia aivute.

"Unachelewa," aliniambia. "Wakikufukuza siku ya kwanza tutachekwa wote."

Nilifunga mlango nikalikimbilia gari. Ilinibidi nikwangue barafu kwenye kioo, na kwa hiyo niliwasikia wakivuka uwanja, chupa zikigongana mfukoni kila hatua.

"Mama yako ni mshenzi," Verlie alikuwa anamweleza. "Unajua hilo? Mshenzi kabisa. Anapiga wazee."

Opal alicheka kwa sauti. Niliwasha gari, likakohoa, likawaka.