Mwethya wa Jicho la Ndinda

Kang! Kang! Kang! Kengele ya kipande cha reli ililia kabla jogoo hajafikiria kuwika, na kambi nzima ya shamba la mkonge ikaamka kwa kukohoa. Kalondu alikuwa ameshavaa buti zake, moja ya kike na moja ya kiume, kisu kiunoni. Akagonga bati la jirani yake.

"Ndinda, jicho liko aje?"

"Sioni nalo kitu, dada. Ni kama liko na kaa la moto ndani."

Jana yake, mwiba wa ncha ya jani ulikuwa umemchoma jicho la kushoto. Sasa lilikuwa limevimba kama kitunguu na kutoa usaha. Hospitali ilikuwa nusu saa kwa pikipiki, ila geti la shamba lilikuwa mbali kuliko hospitali. Saa za kazi bawabu hakumfungulia mtu asiye na karatasi ya nyapara, na nyapara Laban hakuandika karatasi mpaka mtu amalize mafungu sabini, kila fungu majani thelathini.

"Sabini kwanza," Laban alimwambia Ndinda walipofika mistarini, bila kulitazama jicho lenyewe. "Mkono si uko sawa? Mkonge haukatwi na jicho."

"Basi funga yako ukate, tuone," Kalondu akamrushia.

Watu wakacheka. Laban akapanda pikipiki, akaenda kukagua upande wa mtoni. Angerudi saa nne.

Kalondu akawageukia wakataji wenzake, viganja vyao vimechunwa na utomvu unaowasha. Ukimhesabu na yeye, walikuwa kumi na wawili.

"Mafungu sita kila mtu, yaende kwa rundo la Ndinda. Huu ni mwethya."

Neno hilo halikuhitaji maelezo. Kwao, mtu akilemewa na shamba, majirani huja na majembe, hulima wakiimba, na mwenye shida huwapikia. Ndinda hakuwa na cha kupika. Aliketi kwenye kivuli chembamba cha mkonge, leso jichoni, wao wakakata.

Kalondu alitanguliza wimbo, wengine wakaitika, visu vikaufuata: ncha chini, jani chini, funga! Miiba iliwaparura mapaja na hakuna aliyesimama kunywa maji. Kazi ile ile iliyowavunja migongo kila siku, leo ilikwenda kama mteremko. Kabla ya saa nne rundo lilikuwa na mafungu sabini na mawili.

Laban akarudi. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Hii si kazi yake."

"Kitabu chako kinauliza ni mangapi," Kalondu akasema. "Hakiulizi yamekatwa na nani."

"Na nani amewaruhusu?"

"Aiya! Si ni wewe, Laban? Kila Jumapili unatuchimbisha bwawa la tajiri mwenye shamba bure, unasema ni mwethya, ati ndiyo desturi yetu Wakamba. Tajiri hatujamwona na jembe, wala uji wake hatujauonja. Leo umeona mwethya wenyewe."

Laban aliandika karatasi, kalamu nusura itoboe. Ndinda akaipokea, lakini mkono wake ukabaki umenyooshwa.

"Na kitambulisho changu. Hospitali watakiitisha."

"Kinabaki kwa droo, pamoja na vya wenzako. Hicho ndicho kitakurudisha."

Mzee Muthoka, aliyezaliwa katika kambi hiyo hiyo, akatema mate. "Babangu alivalishwa kipande, kitambulisho cha enzi zile, shingoni na mzungu. Angalau yeye alitembea nacho."

Kalondu akamshika Ndinda mkono, akampeleka getini, hatua chache tu kutoka hapo. Bawabu akaisoma karatasi, akafungua. Nje pikipiki ya abiria ilikuwa ikingoja, lakini Ndinda alisitasita.

"Na wakinilaza? Kesho nisipoitika jina, Laban atanifuta, kitambulisho kipotelee hapo."

Nyuma yao visu vilikuwa vimenyamaza. Kalondu alijua wanasikiliza wote, na Laban pia, kwa hiyo akapaza sauti.

"Lala huko mpaka upone. Usirudi kufuata kitambulisho, nitakuletea mimi, nikutilie mkononi. Na droo isipofunguka leo, Ndinda, nakuahidi: kesho kengele italia mpaka ichoke, na mkonge utajikata wenyewe."