Mkono wa Wifi na Shuka la Hoteli

Mwenye dobi alirudi kutoka semina na jambo moja kichwani: mfanyakazi akiridhika, kazi inakwenda yenyewe. Watu walimwita Povu, maana mambo yake yalianza kwa kishindo na kuzimika kabla ya chakula cha mchana. Safari hii hayakuzima. Zikaja feni, ikaja mashine ya maji baridi, vikaja viti vya mto, na ukutani ikabandikwa picha ya mtu anayecheka peke yake. Fundi wa mashine aliitazama picha ile akasema, "Huyu lazima anafanya kazi kwingine."

Na viti vyenyewe, jamani, mkunja mashuka atavikalia saa ngapi? Lakini nani wa kumwambia tajiri? Msimamizi wao, Kipenga, aliitikia tu, "Ndiyo bosi, vizuri bosi." Jina hilo alipewa kwa ajili ya sauti yake, iliyosikika hata mashine zote zikinguruma pamoja.

Zamani kidogo Kipenga alikuwa mezani, akikunja mashuka na wifi yake, mke wa kaka yake. Shuka la hoteli halikunjwi na mtu mmoja. Huyu anashika pembe huku, yule kule, wanavuta, wanasogeleana, wanakabidhiana, wanarudi nyuma. Kutana hivyo na mtu kutwa nzima, miaka nenda miaka rudi, utajua kama jana alilala, kama amegombana na mumewe, kama ana jambo anataka kuomba na haya zinamshika. Wawili hao hawakuwa na haja ya kuulizana habari.

Kipenga alipopandishwa cheo akajiapiza kwamba hatasikia mtu akisema anambeba ndugu yake. Hapo ndipo alipoharibu. Wifi akawa "wewe wa meza ya pili". Akiwatania wengine, yeye anamruka. Wifi naye akakata mguu nyumbani kwa Kipenga, hata kupita kusalimia hakuna. Kipenga akajitia hamnazo: labda watoto, labda uchovu, mambo ni mengi.

Mara wifi akatoa taarifa kwamba mwezi ukiisha anaacha kazi. Anakwenda dobi ya mtaa wa pili, mshahara ule ule, na kule hata feni hakuna.

Povu nusura apasuke. "Kule wana nini?" alimuuliza Kipenga. "Huyo ndiye mkunjaji wangu bora! Kaongee naye. Akitaka kiti changu, mpe."

Kipenga hakuwa akiwaza mashuka. Aliona wazi kwamba wifi akitoka mlango ule, ndiyo ametoka na nyumbani kwake moja kwa moja, na kaka mtu atabaki katikati hajui ale kwa nani. Aliogopa kweli kweli. Akamfuata nyuma ya boila.

"Wifi, nikuhamishie kwenye taulo? Nyepesi zile."

"Sitaki taulo."

"Basi uwe unaingia asubuhi tu."

"Sitaki."

"Sasa unataka nini, mwenzangu? Si useme!"

Wifi akapandisha mkono wa blauzi. Kovu la moto lilianzia karibu na kiwiko likashuka mpaka kwenye kifundo. "Siku bomba la mvuke liliponiunguza, ulikuja mbio. Unakumbuka ulichoniuliza?"

Kipenga alikumbuka ukelele, mvuke, watu wakisukumana. "Nilikuuliza... kama umeumia?"

"Uliuliza, 'Shuka limeungua?'"

Loo! Kipenga alitaka kusema kwamba shuka lilikuwa jipya, kwamba mwenye hoteli iliyoleta shuka lile ni mkali kama pilipili.

"Angeuliza Povu ningecheka," wifi aliendelea. "Lakini wewe! Wewe uliyekuwa ukijua nina homa kabla mimi mwenyewe sijajua. Mbele ya watu wote. Tangu siku ile nikiamka asubuhi, miguu haitaki kuja. Kazi ni ile ile, wala si nzito. Roho yangu ndiyo haimo humu tena."

"Nisamehe, wifi," Kipenga alinong'ona.

"Unanong'ona? Lile ulilisema kwa sauti. Leo unaniomba radhi nyuma ya boila kama tumeiba sabuni?" Akashusha mkono wa blauzi, akarudi mezani.

Kipenga alibaki pale na joto la boila likimchoma mgongo. Msimamizi akijishusha mbele ya watu, kesho nani atamsikiliza? Na fundi wa mashine yule, kwa kuiga watu hana mpinzani, atamwigiza mwaka mzima. Lakini amemkosea wifi yake, tena vibaya, na hilo halikuwa na mjadala. Jikaza kisabuni, akajiambia.

Anatoka, ebo! Povu amesimama mlangoni na mwenye hoteli mwenyewe, anamwonyesha viti. Kipenga nusura ageuke. Akapiga moyo konde, akaenda meza ya pili, akamwomba aliyekuwa akikunja na wifi ampishe, akashika pembe za shuka.

"Fundi, zima mashine!" Sauti ikajaa chumba kizima. "Jamani, nisikilizeni. Wifi yangu hapa aliungua mkono, mimi nikauliza habari za shuka. Nilikosea. Niliogopa mtasema napendelea ndugu, nikamtendea kama si mtu. Wifi, nisamehe. Uliumia sana?"

Povu alikuwa ametoa macho, na mwenye hoteli akajikuta ana shughuli ya kuangalia viatu vyake.

"Niliumia sana," wifi akasema. "Nilikungoja uje uniangalie. Kila aliyebisha hodi nilidhani ni wewe."

Kipenga akaangua kilio hapo hapo, cheo na kila kitu. Wifi naye akalia. Na mikono yao, kwa mazoea tu, ikawa inavuta na kukunja, wakasogeleana, wakakabidhiana, shuka likatoka limenyooka. Hakuna aliyecheka. Fundi alijifanya anakaza skrubu.

Jioni Kipenga alimngoja getini. "Kwa hiyo unabaki, eti?"

"Hapana, wifi. Kule nimeshatoa neno langu."

Kipenga akanywea. Alikuwa ameshaanza kupanga jinsi atakavyomweleza Povu kwamba mambo yamekwisha vizuri.

"Usininunie bwana," wifi alisema. "Jumapili nakuja kwako na watoto, upike kingi. Lakini nakuja kwa wifi yangu. Yule msimamizi wa dobi simtaki mezani."

"Huyo," Kipenga alisema huku anajifuta macho, "nitamfungia nje."